Damu Isiyosikia Basi

Siku ya kuniaga mlinipa kadi yenye picha ya paka, saa ya ukutani na daftari tupu. Paka sijui alihusikaje. Saa nimeielewa: miaka thelathini na kitu nimekuwa mtumwa wa kengele ya maabara, dakika tano, dakika kumi na tano, dakika thelathini, sasa mnataka niendelee kuhesabu nikiwa nyumbani. Daftari ndilo lililonisumbua. Mmoja wenu, nadhani yule kijana mwenye hereni puani, ameandika kwenye jalada kwamba ni la kumbukumbu zangu, niwaachie wadogo zangu wa kazini. Haya. Mmeyataka wenyewe.

Naandika kwa Kiswahili. Wawili kati yenu mnakisoma. Waliobaki watafute mtu wa kuwatafsiria, na wakifika mwisho wataelewa kwa nini mtu wa kutafsiri achaguliwe kwa uangalifu. Vyeo nitavipita. Nilipanda, nikasahauliwa, nikapandishwa tena na mtu aliyedhani mie ni mtu mwingine, na muda wote huo koti langu lilikuwa lilelile. Mshahara ni siri yangu na yake aliyenilipa, na yeye pia hapendi utajwe.

Mie ni mtu wa Tanga. Nilifika London bado msichana, nina cheti cha maabara, nina sweta moja ambalo lilikuwa la mapambo tu. Siku ya kwanza kazini nilipokewa na fundi mkuu wa maabara, mama wa Kihindi mfupi, nywele zimefungwa kwa raba ya kufungia chupa. Akasoma jina langu kwenye karatasi, Tatu Mbwana, akaniangalia juu hadi chini, akasema kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka kuliko changu, "Tatu. Moja na mbili umewaacha wapi?" Huyo ndiye Bi Hansa. Alizaliwa Mombasa, nyumba yake ilikuwa Harrow, na kila asubuhi alishuka kwenye treni ya Metropolitan na mkebe wa chapati, na maoni yake juu ya kila mtu aliyemo humu.

Maabara yetu ilikuwa ya hospitali, nusu ya kazi kwa wagonjwa, nusu ya utafiti, na ilishughulika na kitu kimoja: seli za kinga zinapewaje amri, na nani huzizima. Wakati ule kila mtu alitafuta kinachowasha. Kinachowasha kina sifa, kina zawadi, kinapigwa picha. Bi Hansa aliniambia wiki ile ya kwanza, tukiwa tumeinama kwenye friza ya nyuzi themanini chini ya sifuri tukitafuta kichupa ambacho mtu hakukiandika jina: "Waache wao wawashe. Sisi tutamtafuta anayesema basi." Nikacheka. Sikujua kwamba sentensi ile ingenidai baadaye.

Nieleze kidogo, maana najua baadhi yenu mnabonyeza vitufe tu na mashine inawafikiria. Seli ya kinga haina macho, hungojea kuguswa. Ujumbe ukitoka nje hugonga kipokezi mlangoni. Upande wa ndani wa mlango vimekaa vimeng'enya viwili viwili. Vikishtuka vinabandikana alama ya kemikali iitwayo fosfeti, kisha vinambandika na mjumbe anayengoja pembeni, na mjumbe akishapata alama anakimbia kwenye kiini cha seli kuwasha jeni za vita. Sasa sikilizeni. Katika jeni zilezile anazowasha, imo moja inayotengeneza protini ndogo ambayo kazi yake ni kurudi mlangoni, kuvikaba vile vimeng'enya, na kuvitia muhuri wa kupelekwa jalalani. Yaani amri ya kuanza imebeba tumboni amri ya kuacha. Nimehudhuria vikao vya Jumatatu humu miaka yote, na ningetoa figo moja kama vikao navyo vingeumbwa hivyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa maziwa. Mnajua kazi ya utando: unazitenganisha protini kwenye jeli, unazihamishia kwenye utando mweupe, kisha unauogesha utando ili kingamwili, ile tunayoituma kuitafuta protini, isinate ovyo. Siku zile watu waliuogesha kwa maziwa ya unga, yaleyale ya dukani. Nikaona, ah, hili nalijua. Nikayakoroga vizuri, bila donge hata moja. Filamu ikatoka nyeusi tii, kama nimeifunika kwa sufuria ya ubwabwa. Bi Hansa akaishika juu ya mwanga muda mrefu.

"Tatu, umenifanyia kazi au umenipikia chai?"

Kumbe protini ya maziwa imejaa fosfeti, na kingamwili yetu siku hiyo ilikuwa inatafuta fosfeti. Imeona sherehe pote, imenata pote. Kwa alama za fosfeti unatumia albumini, hutumii maziwa. Hilo liandikeni ukutani. Bi Hansa aliibandika ile filamu nyeusi juu ya meza yangu, ikakaa miaka, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa ni picha ya chai ya Tanga.

Yeye ndiye aliyenifundisha yote yanayofaa. Kuandika jina kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko huoana ovyo. Kutia barafu kabla hujatia akili. Kusukuma pipeti taratibu, na yeye nyuma ya bega langu akinong'ona, "Basi, basi, basi," hadi tone la mwisho. Tulikitumia Kiswahili kumsengenya profesa mbele ya uso wake, na kwa heshima kubwa, tukitabasamu. Siku moja profesa akatutambulisha kwa mgeni aliyekaa Arusha miaka minne. Mgeni akatusalimia, "Shikamooni," akatabasamu naye. Wiki nzima tulifanya kazi kwa ishara.

Bi Hansa alistaafu, akapata mwaka mmoja wa kulima nyanya Harrow, akafariki. Nilimlilia kama mama yangu, na namlilia bado nikisikia harufu ya chapati kwenye treni. Meza yake nikarithi mie. Friza nayo.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nilikubali hili daftari. Majina nimebadilisha, na mama mwenyewe ameniruhusu. Aliniambia nisimfanye mjinga. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nafasi hiyo imeshachukuliwa na mie.

Miaka michache kabla sijastaafu, Daktari Pryce, Mwelshi wa kliniki ya kinga, ambaye wengi wenu mnamjua kwa soksi zake, alituletea damu ya mtoto wa miaka tisa. Nitamwita Nasra. Mama yake ni mtu wa Kondoa, anasafisha ndege pale uwanjani, wanakaa Hounslow. Mtoto alitoka damu puani bila sababu, miguu ina michubuko kama amecheza mpira na matofali, ngozi inawasha, viungo vinamuuma. Kinga yake ilikuwa inakula chembe zake mwenyewe za kugandisha damu. Alikuwa anapewa vidonge vya steroidi vya kutuliza, lakini hivyo ni vya kushikilia tu, na ukivikatisha ghafla vinaleta balaa lake.

Tukapima jeni, tukaona. Ile protini ndogo ya kukaba, kila mtu huzaliwa na nakala mbili za jeni yake. Ya Nasra moja ilikuwa mbovu. Nikafanya utando kuhakikisha: nikachukua seli zake na seli za mtu mzima asiye na ugonjwa, nikazigonga kwa ujumbe uleule, nikapima kila baada ya dakika kadhaa. Za mtu mzima alama iliwaka ikazima. Za Nasra iliwaka, ikaendelea kuwaka. Saa mbili baadaye bado inawaka. Nilifurahi, nakiri. Fundi akipata utando safi hufurahi, halafu ndipo anakumbuka kwamba kuna mtu amefungamana nao.

Na kulikuwa na dawa. Kidonge kinachovibana vimeng'enya vilevile, kazi ileile ya protini iliyopungua. Ilibaki mama aelezwe, akubali, mtoto aanze.

Miadi ya kwanza walieleza kwa mkalimani wa simu, Mkongomani wa Thamesmead. Nilipita kliniki siku ile kuchukua sampuli, nikasikia sauti yake kwenye spika: "Mwili ya mutoto inajipiga yenyewe, na hakuna wa kuuambia wacha." Nikacheka hadi korido. Mwili ya mutoto. Nikamwambia Daktari Pryce, mie nisiyeulizwa, kwamba mama wa watu anastahili Kiswahili sanifu. Akaniuliza kama ningeandika barua ya majibu kwa Kiswahili, iende pamoja na ya Kiingereza. Nikajivutia kiti. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika, lakini wahenga hawakuwepo pale korido.

Barua niliiandika nyumbani Jumapili, na kamusi. Nilitafuta maneno makubwa kama mtu anayechagua vyombo vya mgeni. Nakumbuka sentensi yenyewe, maana sitaisahau hadi kaburini: "Vipimo vimeonyesha kwamba mtoto wako ana upungufu wa protini inayodhibiti kinga mwilini." Nikaisoma kwa sauti. Nikajisikia mwandishi.

Siku tatu baadaye mama akapiga simu kliniki, wakaipeleka kwangu. Sauti ilikuwa chini sana.

"Mama, nimepata barua. Ni ile ninayoifikiria?"

Sikumuuliza anafikiria ipi. Hapo ndipo ningepaswa kuuliza, vijana wangu, hapohapo, maneno mawili tu. Badala yake nikasema, "Usiogope, mwanangu. Tatizo liko kwenye waya tu. Ndani ya seli kuna waya wa kupeleka habari, na wa Nasra umewaka hauzimiki."

Simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao, nikarudi kwenye jeli yangu.

Hawakuja miadi iliyofuata. Wala ya pili. Simu haipokelewi. Daktari Pryce akaanza kutembea na soksi zisizofanana, na kwake hiyo ni dalili mbaya. Sote tulijua hesabu ilivyo: mtoto ambaye damu yake haigandi, akianguka tu kwenye ngazi za shule, hatuna muda wa kuandika barua nyingine.

Siku moja mchana mapokezi wakanipigia. Kuna mama amekuja, hataki daktari. Anamtaka aliyeandika barua.

Nikashuka. Amekaa kwenye mkahawa wa hospitali, yumo ndani ya sare ya kazini, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ndiyo kwanza ametoka zamu. Meza ya pili kutoka yake, mtoto mwembamba na begi la shule, vidude vya muziki masikioni, anakula viazi vya pakiti. Nikajua ni Nasra kwa zile soksi ndefu za kuficha michubuko.

"Wewe ndiye Bi Tatu?"

"Ndiye mie."

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba mwanangu ana ngoma?"

Jamani, mie ni mtu wa Tanga. Ngoma kwetu ina wapigaji na ina shela. "Ngoma gani, mwanangu? Sijaandika ngoma yoyote."

"Na kwenye simu ukaniambia waya."

"Waya ndiyo. Nilikwambia waya umewaka."

"Si unaona." Akaangalia pembeni, akanong'ona ili mtoto asisikie. "Nyumbani mtu akikanyaga waya, anazikwa."

Akatoa barua kwenye mkoba. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi imelainika kama kitambaa. Sentensi yangu, ile nzuri, alikuwa ameipigia mistari kwa kalamu ya bluu mahali patatu. Chini ya U ya upungufu. Chini ya KI ya kinga. Chini ya MWI ya mwilini.

U. KI. MWI.

Nilikaa. Nataka mnielewe: mie niliondoka Tanga kabla ugonjwa ule haujapewa jina la Kiswahili. Neno nililijua, nililisikia redioni na kwenye misiba kwa simu, lakini sikuwahi kulifungua nione limeshonwa kwa vipande gani. Na yale majina ya kuogopea, ngoma, waya, umeme, yalizaliwa barabarani huko wakati mie niko huku nakoroga maziwa. Kiswahili changu kiliganda siku niliyopanda ndege. Nilikitunza kwenye friza, nikakitoa miaka thelathini baadaye, nikampakulia mtu bila kukinusa.

"Nina dada yangu alikufa nayo," akasema. "Mwajuma. Walimtengea sahani. Kikombe chake kilikaa nje ya dirisha, mvua ikikinyeshea. Nilipoisoma barua yako nilienda kupima mwenyewe, kimyakimya, sina. Nikamfikiria baba yake, nikamtukana kwa simu maneno ambayo hayarudi. Nikasema basi labda ni hospitali, walipomtoa damu, sindano. Jumamosi tunaondoka. Mama yangu Kondoa amepata mtu wa dawa. Na vile vidonge vyao nimeacha kumpa toka juzi. Kama ni ile, vya nini?"

Toka juzi. Nikachukua simu, nikamwambia Daktari Pryce ashuke mkahawani sasa hivi, asimalize anachokifanya.

Kisha nikamgeukia mama. Nikasema, "Si UKIMWI. Sikiliza. Nasra hana UKIMWI, hajawahi kuwa nao, walipima siku ya kwanza kabisa, imeandikwa. Ni mie niliyeandika vibaya." Aliniangalia kama mtu anayeambiwa ashuke kwenye gari linalokwenda. Hakuamini. Na kwa nini aamini? Mdomo uleule.

Hapo Nasra akatoa vidude masikioni. Watoto waliozaliwa London wanaelewa Kiswahili chote, wanachokosa ni kukijibu tu, na wazazi wao kila siku wanalisahau hilo. Akauliza kwa Kiingereza, taratibu, kama anayeuliza treni inaondoka saa ngapi: je, yeye atakufa?

Mama yake akafunika mdomo. Niliona haya. Sina neno lingine la kupamba, niliona haya, na nilitaka Bi Hansa awepo anitukane. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mie nilikuwa nimejikwaa ulimi juu ya mtoto wa mtu.

"Hufi, bibi yangu," nikamwambia. "Njoo ukae hapa." Na kwa kuwa nilikuwa namfikiria Bi Hansa, maneno makubwa yote yalinikimbia, likabaki lile lake dogo. "Damu yako ina askari. Wako hodari, wanakuja mbio ukipata mafua. Kila askari wakianza kupigana, kuna mmoja anazaliwa palepale, kazi yake ni kuwaambia basi. Basi, yatosha, nendeni nyumbani. Wewe umezaliwa na nusu ya hao wa kusema basi. Kwa hiyo askari wako hawasikii, wakimaliza mafua wanakupiga wewe. Ndiyo michubuko."

Nasra akakunja uso, akafikiri, akauliza kwa Kiingereza kama nina maana basi lake limefutwa.

Lile la kupanda. Mtoto wa Hounslow, basi kwake lina namba na rangi nyekundu. Mama yake akacheka, kicheko kikamtoka vibaya, kikageuka kilio katikati, akacheka na kulia pamoja, watu wa mkahawa wakageuza vichwa kwa adabu.

"Halijafutwa," nikasema. "Yalitakiwa yaje mawili, limekuja moja. Na hiki kidonge kipya ndilo lile la pili."

Nikatoa simu nikawaonyesha picha ya utando. Safu ya juu, seli za mtu mzima: doa jeusi, jeusi zaidi, kijivu, tupu. Safu ya chini, za Nasra: jeusi, jeusi, jeusi, jeusi. Mama akasogeza kidole juu ya safu ya juu, polepole, doa kwa doa, hadi pale patupu.

"Huyu ni nani?"

"Mie." Mnajua desturi yetu, wakikosekana wa kujitolea, fundi anakunja mkono wake.

"Kwa hiyo damu yako wewe inasikia basi."

"Damu yangu inasikia. Mdomo wangu ndio hausikii."

Akasema jambo ambalo ndilo adhabu yangu na ninalistahili. "Yule Mkongo wa kwenye simu nilimwelewa, mama. Alisema mwili unajipiga na hakuna wa kuuambia uache. Nikalala usingizi. Ni barua yako ndiyo iliyoniamsha."

Daktari Pryce akafika anahema. Nasra akapewa vidonge vyake mbele yetu, kwa maji ya mkahawa, akatolewa damu, akalazwa siku mbili waangalie. Mama akampigia mume wake simu akiwa amesimama dirishani, mgongo kwetu, muda mrefu. Jumamosi ndege iliondoka bila wao. Wiki iliyofuata mtoto alianza kidonge kipya.

Barua niliiandika upya, mistari minne, nikamsomea mama kwa simu kabla haijatumwa, na kila baada ya mstari nikamuuliza: umesikia nini? Sikumuuliza, umeelewa? Watu husema ndiyo kwa umeelewa. Umesikia nini. Kama mnataka kuchukua kitu kimoja kwenye daftari hili zima, acheni mambo ya albumini, chukueni hilo. Na yule mkalimani wa Thamesmead nilimpigia nikamwomba radhi kwa kosa ambalo hakujua nimemkosea. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hakuna shida, mama. Lakini ulicheka juu ya nini?" Nikamwambia nimeshasahau.

Tangu siku ile vichupa vya protini ile nikaviandika BASI. Profesa mpya akauliza ni kifupi cha nini. Daktari Pryce, bila kutikisa nyusi, akamwambia ni istilahi ya Afrika Mashariki. Mpaka leo mnaitumia, nawasikia, mnasema "basi ya mgonjwa huyu iko chini" kwa lafudhi zenu za ajabu, na moyo wangu unafurahi.

Nasra hakupona, tusidanganyane. Jeni ni ileile, vidonge anakunywa kila siku, na kuna wiki za kudorora. Lakini anavaa soksi fupi. Miadi yake akija, alikuwa anapita maabara, anasimama mlangoni, mie namuuliza habari za shule kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza. Miaka minne hivyo. Mama yake alikuwa anamgombeza, mie nilisema mwache, mwenye kuelewa ameshafanya nusu ya kazi.

Siku mliyoniaga mkahawani, meza ileile kwa bahati mbaya, ilikuwa siku ya miadi yake. Wakaja wote wawili, mama akiwa ndani ya sare yake. Mnakumbuka niliombwa niseme maneno machache. Mnakumbuka sikusema machache. Nilianza na sweta, nikaingia kwenye maziwa, nikamfikia Bi Hansa, na hapo sikujua jinsi ya kutoka. Kila nikitafuta mwisho naliona jingine la kusema, kwa sababu nilijua nikinyamaza ndiyo imekwisha kweli. Nyinyi mmesimama na keki kwenye sahani za karatasi, hakuna mwenye ujasiri wa kunikatiza.

Akasema Nasra, miaka kumi na mitatu, kutoka nyuma, kwa Kiswahili, mara ya kwanza nakisikia kinywani mwake:

"Bibi, basi."

Nikanyamaza.